Mbu, visubi na wadudu wengine: Kilwa Kisiwani hadi Msimbati na watoto, mwisho wa Desemba

Mgogo_Baharini

Wakuu, habari za leo. Tunatoka Dodoma, mimi na mama watoto, na watoto wawili: mmoja ana miaka 5, mwingine miezi 9. Ratiba ni hii: usiku mbili Kilwa Masoko kwenye gesti, siku moja tunavuka Kisiwani, siku nyingine Songo Mnara. Halafu tunashuka Mtwara, usiku tatu kwenye hema pale Msimbati. Ni wiki ya mwisho ya Desemba.

Maswali yangu:
1. Kati ya mbu na hao wadudu wadogo wa mikokoni, nani wa kuogopwa zaidi, na wanauma saa ngapi?
2. Dawa ya kupaka ipi inamfaa mtoto wa miezi 9?
3. Tumeze dawa za kuzuia malaria au ni za Wazungu tu?
4. Kwenye hema naweza kuwasha ile dawa ya mbu ya kuchoma?

Naomba majibu ya watu wanaoyajua maeneo hayo. "Nunua chandarua" hilo nimeshasikia.

---

Tanga_la_Kaskazi

Karibu Kusini mkuu. Naanza na la kwanza, maana ukishajua saa za kila mdudu mengine yanajipanga.

Mchana, na hasa saa 1 hadi saa 3 asubuhi na tena kuanzia saa 10 jioni mpaka giza liingie, anayeuma ni yule mbu mweusi mwenye madoa meupe miguuni, Aedes. Huyu halii sikioni. Huja chini chini, anauma vifundo vya miguu na nyuma ya magoti ukiwa umekaa kivulini. Hana malaria. Ana dengi na chikungunya. Hilo la chikungunya tunalo sisi kihistoria: ugonjwa ulitambuliwa mara ya kwanza kwenye mlipuko wa 1952 huku huku Uwanda wa Makonde, na jina lenyewe ni la Kimakonde, kwa jinsi mgonjwa anavyojikunja kwa maumivu ya viungo.

Usiku, kuanzia kama saa 3 mpaka alfajiri, zamu ni ya Anopheles, mbu wa malaria. Ukimwona ukutani amebinua mkia juu, ndiye. Anayelala sambamba na ukuta ni Culex, yule wa chooni anayepiga kelele sana. Huyo hana malaria, ila ndiye mwenezaji mkuu wa matende na mabusha pwani yetu. Usidhani kuwa maji ya chumvi yanakusalimisha: pwani kuna Anopheles merus anayezaa kwenye maji ya chumvi chumvi, kwenye vidimbwi vinavyobaki nyuma ya mikoko.

Visubi wana dirisha fupi: kama saa 11 jioni hadi saa 1 usiku, na tena kabla na baada ya jua kuchomoza. Dirisha ni fupi, lakini ndani yake wanakuja kwa mamia. Wanatoka kwenye tope la mikoko. Angalia mwezi kabla ya kuweka hema. Bamvua (mwezi mwandamo na mwezi mpevu) hujaza maji mpaka kwenye tope la juu, na siku chache baadaye visubi na mbu wa mikokoni huzidi. Ukiweza, panga usiku wako wa hema uangukie maji mafu, siku ambazo bahari haijai sana.

Upepo ndio dawa ya kwanza. Mwisho wa Desemba kaskazi imeshaanza, kwa hiyo gesti iliyofungua madirisha upande wa kaskazini-mashariki ina nafuu kubwa kuliko iliyojificha nyuma ya majengo. Upepo unaoyumbisha makuti, kisubi hawezi kuruka ndani yake, na mbu naye anahangaika. Tatizo ni kwamba upepo huelekea kutulia magharibi na alfajiri, saa zao hasa. Halafu Desemba ndiyo mvua zetu zinaanza. Ungekuja Julai au Agosti wakati wa kusi, uzi huu ungekuwa nusu ya ulivyo.

---

Mama_Zahanati

Kaka Mgogo, nijibu la 2 na la 3, kwa sababu ndiyo yanayoleta watu hospitali.

Kumeza kinga si kwa Wazungu. Ni kwa mtu asiye na kinga ya mwili dhidi ya malaria, na mtoto aliyezaliwa na kukulia Dodoma mjini, ambako malaria ni kidogo, yumo kwenye kundi hilo sawasawa na mgeni wa Ulaya. Mtwara na Lindi zimo kwenye mikoa yenye malaria nyingi. Nenda kwa daktari wiki mbili kabla ya safari, mpime watoto uzito siku hiyo hiyo, kwa sababu kipimo cha mtoto kinaamuliwa na uzito.

Kwa mtu mzima, doksisaiklini miligramu 100 kila siku: unaanza siku 1 au 2 kabla, unaendelea kila siku mkiwa huko, na wiki 4 baada ya kurudi. Hapo kwenye wiki 4 ndipo wengi wanapokosea. Anarudi nyumbani, anaona yuko salama, anaacha. Dawa hiyo haimfai mtoto chini ya miaka 8 wala mjamzito, na inaifanya ngozi iungue na jua haraka. Meza na glasi nzima ya maji baada ya chakula, usilale palepale, la sivyo itakuchoma kooni. Kuna atovakwoni-proguanili, ambayo unaacha siku 7 tu baada ya kurudi na ina vidonge vya watoto, ila bei yake si ya mchezo. Daktari ndiye aamue kwa watoto.

Dawa ya kupaka: soma kwenye lebo asilimia ya DEET, kemikali inayofukuza mbu. Yenye 10 ni kama saa 2 za ulinzi, yenye 20 hadi 30 ni kama saa 4 hadi 6. Kupita asilimia 50 hupati faida ya maana. Losheni nyingi za dukani hazifiki 20, na nyingine hazina asilimia iliyoandikwa kabisa. Hizo ziache. Picaridini, kemikali nyingine ya kufukuza mbu, ya asilimia 20 inafanya kazi vilevile na haiharibu plastiki. DEET inaharibu miwani ya plastiki, kamba za saa na vitambaa vya rayoni na spandeksi, kwa hiyo futa viganja kabla hujashika simu.

Mtoto wa miezi 9 anaruhusiwa (marufuku ni chini ya miezi 2), lakini:
– weka kwenye kiganja chako kwanza, ndipo umpake yeye;
– usipake viganja vyake, maana atavitia mdomoni; wala karibu na macho na mdomo;
– paka sehemu zilizo wazi tu, si chini ya nguo;
– mwogeshe kwa sabuni kabla ya kulala ndani ya chandarua.
Zile zenye mafuta ya mkaratusi wa limau (PMD) si kwa walio chini ya miaka 3.

Mnapaka na mafuta ya kuzuia jua? Ya jua yanatangulia. Subiri kama robo saa, kisha ya mbu juu yake. Ukigeuza, unaifunika dawa na haifanyi kazi. Mkitoka kuogelea, paka upya yote mawili. Kwa familia yako na siku tano sita bebeni chupa mbili za mililita 100, mzinunue Dodoma.

Homa ikitokea: malaria haianzi chini ya siku 7 tangu kuumwa, kwa hiyo homa ya siku ya tatu mkiwa bado Msimbati si malaria ya safari hii. Pimeni hata hivyo. Homa yoyote ndani ya miezi mitatu baada ya kurudi, mwambie daktari wa Dodoma kuwa mlikuwa Mtwara, usingoje akuulize. Kipimo cha haraka kikionyesha hakuna malaria na homa ipo bado, rudia baada ya siku moja au mbili, na wakati huo meza parasetamoli peke yake. Msimeze diclofenac, ibuprofeni wala aspirini mpaka dengi iondolewe, kwa sababu zinaongeza hatari ya kuvuja damu. Lindi mna hospitali ya Sokoine, Mtwara mna Ligula. Usimpe mtoto dawa mseto ya malaria kwa kubahatisha.

---

Kijana_wa_Shangani

Mnamtisha mwenzenu bure. Washa dawa ya kuchoma ndani ya hema nusu saa, funga zipu, mkiingia mbu wote chali. Ukitaka zaidi nyunyiza salfa ya mikorosho kuzunguka hema, haikaribii hata nyoka. Kazi kwisha.

---

Fundi_Makuti

Kijana, hapana. Na la salfa hapana zaidi.

Ile dawa ya mzunguko haina moto mkubwa lakini inatoa moshi mzito na hewa ya kaboni monoksaidi. Hema ni dogo na kitambaa chake ni nailoni: cheche moja inatoboa tundu, moto mmoja unalimaliza hema lote kwa dakika. Ukitaka kuitumia, iwashe nje, mita 2 au 3 upande upepo unakotokea, juu ya bati au kifuu chenye mchanga, wakati mmekaa barazani jioni. Inawaka saa 7 hadi 8. Upepo ukiwa mkali haisaidii kitu, ila upepo ukiwa mkali huihitaji.

Salfa inatibu ubwiri unga wa mikorosho, ambao ni ukungu. Haiui mbu wala haimfukuzi nyoka, inachoma macho na kifua cha mtoto. Na kwa faida ya mgeni: ukisikia wakulima huku wanalalamika kuhusu "mbu wa mikorosho", si mbu huyo unayemjua. Ni mdudu anayefyonza machipukizi ya mkorosho. Dawa zake wanazouza madukani ni za shambani, usidanganyike kuzipulizia chumbani. Vivyo hivyo pemethrini, dawa ya kuua wadudu inayopulizwa kwenye nguo: usitumie ya mifugo, kiyeyushi chake si cha nguo za binadamu. Ya nguo ni asilimia 0.5, inapulizwa mpaka kitambaa kiwe chepechepe pande zote mbili, kikauke kivulini kabisa ndipo uvae. Usifulie baharini. Pale Msimbati mko ndani ya hifadhi ya bahari, na dawa hiyo ni sumu kali kwa samaki.

Sasa chandarua, ambacho unasema umeshasikia. Umesikia "nunua". Kukitundika ndiko kunakoshinda watu.

Gesti nyingi zina kile cha duara, kinachoning'inia kwenye ndoano moja. Kinapendeza, lakini juu ni chembamba na chini kitambaa kinalala kwenye goti na kiwiko. Mbu anakuuma kupitia kwenye wavu, hana haja ya kuingia. Njooni na chenu cha pembe nne, chenye dawa, futi 6 kwa 6 kwa kitanda kikubwa. Bebeni pia mita 12 za kamba ya manila, misumari minne, sindano na uzi. Kamba zifungwe kwenye kenchi, nondo za dirisha au msumari, juu kiasi kwamba ukikaa kitandani kichwa kisiguse. Chini kichomekewe chini ya godoro pande zote kabla ya magharibi, si mkishataka kulala. Ukingoja saa 3 usiku unawafungia mbu ndani pamoja na watoto. Mtoto wa miezi 9 alale katikati au kwenye godoro lake dogo, asibanwe na wavu.

Kabla ya kulala washa tochi ya simu, pitisha kwenye mishono na kwenye pembe za juu. Tundu la ukubwa wa kidole lishonwe, usilifunge fundo, maana fundo huvuta wavu na kufungua tundu jingine pembeni. Chandarua kipya chenye dawa kianike kivulini siku nzima kabla ya safari, la sivyo watoto watawashwa usoni usiku wa kwanza. Kikichafuka, sabuni ya mche na maji baridi. Jua kali na sabuni ya unga vinaimaliza dawa.

Ukiwa na tochi mkononi, funua na mishono ya godoro. Vidoa vyeusi kama ncha ya kalamu vilivyojipanga ni kinyesi cha kunguni. Omba chumba kingine, na mabegi yasikae chini wala kitandani, yatundikwe.

---

Tanga_la_Kaskazi

Niongeze la mahali pa hema. Usiweke chini ya mkorosho wala mwembe wenye majani yaliyoshonwa pamoja kama mipira. Hizo ni nyumba za majimoto, na ukifunga kamba ya bembea hapo utajua kwa nini wanaitwa hivyo. Wenye mashamba hawawaui kwa sababu wanawala wadudu waharibifu, nawe usiwaue, sogea. Chini ya mnazi napo nazi zinaanguka. Tafuta mchanga ulioinuka, wazi, mlango ukitazama upepo, na mikoko iwe mbali uwezavyo, mita mia kadhaa si nyingi.

Kagua mita 50 kuzunguka: vifuu vya madafu, makopo, na hasa mitumbwi na ngalawa zilizopandishwa pwani. Maji ya mvua yaliyotulia ngamani, chini ndani ya chombo, ni kiwanda cha Aedes. Ukiona viluwiluwi vinacheza, mwombe mwenyewe aipindue. Ila usijidanganye: kutoka yai hadi mbu ni kama siku 7 hadi 10, kwa hiyo kumwaga leo kunamfaa mgeni wa wiki ijayo. Wanaoruka sasa wameshazaliwa. Kazi hiyo ni ya mwenye gesti, wiki moja kabla wageni hawajafika.

---

Mgogo_Baharini

Asanteni sana. Majibu yamenizidi matarajio. Yamebaki mawili. Kwanza, hivi visubi: chandarua kinawazuia? Pili, siku ya Songo Mnara, tunakaa saa kadhaa magofuni na mtoto mgongoni. Tuvaeje?

---

Fundi_Makuti

Kisubi anapita kwenye tundu la chandarua cha kawaida bila kukunja bawa. Chenye dawa kinapunguza kwa sababu anakigusa akipita, lakini usikitegemee. Kinachozuia ni wavu mwembamba wa hema, ule ukiutazama dhidi ya mwanga huoni matundu kwa urahisi. Kabla ya kununua hema, vuta wavu wa mlango, uweke karibu na jicho. Ukiona matundu waziwazi kama ya chujio la chai, hema hilo ni la mbu tu.

Gestini, feni. Feni ya mezani ikipuliza kwenye kitanda, si kuelekea dari, inamshinda kisubi na kumtatiza mbu. Umeme ukikatika feni inalala, kwa hiyo bebeni ya kuchaji. Hemani: zima taa dakika moja kabla ya kufungua zipu, ingieni haraka mmoja mmoja, fungeni. Taa ya nje iwe ya njano, mita 5 au 6 kutoka hemani.

Hiyo taa itamleta pia yule mdudu mwembamba mwenye pingili nyekundu na nyeusi, Nairobi flai. Haumi. Ukimponda juu ya ngozi, ute wake unaunguza, na lengelenge linatoka baada ya siku moja au mbili. Akitua mpulize kwa mdomo. Ukishamponda, osha kwa sabuni na maji mengi papo hapo, na usipeleke mkono jichoni.

Moshi wa makumbi au wa kivumbasi kibichi juu ya makaa unasaidia jioni mkiwa nje. Unasaidia, haukingi. Ukihama upande mmoja wa moshi wanakuhamia.

---

Mama_Zahanati

Songo Mnara: suruali ndefu nyepesi ya rangi hafifu, mikono mirefu, soksi zilizopandishwa juu ya pindo la suruali. Kulingana na maji mtatembea kando ya mikoko, kwa hiyo viatu vya kufunga vinavyoweza kulowa, si kandambili. Rangi nyeusi na nyingine za giza zinamvuta Aedes. Mtoto mbebe na kipande cha neti ya kushona, mita 1 na nusu kwa 1 na nusu, chenye mpira pindoni: kinafunika mbeleko yote na kinaingia mfukoni. Hakikisha kinaachia nafasi mbele ya pua. Dawa mpakeni mkiwa bado bandarini Masoko, siyo mkishateremka, maana kivuli cha kuta za zamani na vishimo vya mwamba wa matumbawe vyenye maji ya mvua ni mahali pa Aedes kabisa. Kisiwani hivyo hivyo, hasa mkipumzika karibu na visima.

Sehemu iliyoumwa: osha, weka kitambaa cha maji baridi dakika 10, halafu krimu ya haidrokotisoni asilimia 1 mara mbili kwa siku, siku tatu si zaidi. Mtoto wa miaka 5 mkate kucha kabla ya safari. Kuumwa na kisubi kunawasha kuliko mbu, na vidonda vingi ninavyoviona vimetokana na kukwaruza. Uwekundu ukitanuka na kuwa wa moto, au ukitoa usaha, ni zahanati.

Mchanga ulioloweshwa na bahari hauna funza. Mchanga mkavu wa uani, wanakolala mbuzi na mbwa, unao. Viatu huko, hata kwa kwenda chooni, na mkung'ute kila asubuhi kabla ya kuvaa kwa ajili ya nge na tandu.

---

Kijana_wa_Shangani

Haya, la salfa nimelifuta kichwani. Lakini mafuta ya nazi kwa visubi mnayasemaje? Bibi zetu wote wanapaka.

---

Fundi_Makuti

Hapo bibi zako wana hoja. Tabaka zito la mafuta linamnasa kisubi kabla hajatoboa, kwa sababu ni mdogo na mdomo wake mfupi. Kwa mbu halina nguvu hiyo. Likipakwa juu ya DEET linaichanganya na kuipunguza, kwa hiyo chagua moja: jioni ya mikokoni kabla ya magharibi, mafuta ya nazi mazito vifundoni na shingoni. Giza likiingia, oga, jifute, paka dawa ya mbu. Na ukipaka mafuta usikae mchangani, utakuwa kama samaki wa kukaangwa.